Sista Mtoro wa Stoo ya Maharage

Mwanamke aliyekuja kuketi kando yangu Jumatatu ile kwenye stoo ya maharage, pale Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, alikuwa bosi wetu mwenyewe. Stoo ni yake, magunia ni yake, lori linalopeleka maharage Mbarara ni lake. Alikuja na kandambili za plastiki na kitenge kilichopauka, akaomba kazi ya kuchambua kama mtu yeyote. Na mimi, ninayejisifu kwamba najua watu, nikamwonyesha namna ya kushika ungo.

Nianze na mkosaji, maana sipendi hadithi ambayo mkosaji anafichwa mpaka mwisho. Mkosaji ni kapita, msimamizi wetu. Jina lake siliandiki kwa sababu watoto wake wanakaa benchi moja na wajukuu wangu, na watoto hawakukosa kitu. Lakini mtu wa Base Camp atamjua tu: yule mwenye koti la kaki lisilo na kifungo cha tatu, anayetembea na kalamu sikioni wakati kuandika kwenyewe hanizidi mimi niliyeachia darasa la tatu.

Mimi nimekosewa na watu wakubwa kuliko yeye. Kule kwetu Kivu ya Kusini nawajua walioichoma nyumba yangu. Mmoja alikuwa jirani, tulikuwa tunaombana moto wa kupikia. Uso wake ulinichekea mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo uso wa mtu siusadiki, naangalia mikono.

Na kweli, uso hata kuuona nilikuwa siuoni tena vizuri. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kazi yetu ni kutoa mawe, maharage mabovu na yaliyotobolewa na wadudu, kabla gunia halijashonwa. Wenzangu wanachambua kwa macho. Mimi nilikuwa nimehamia kwenye vidole. Jiwe lina baridi yake. Harage bovu ni jepesi. Lililotobolewa linakwaruza kidogo. Nilikuwa nachambua huku nimefumba macho kama mtu anayeomba, na gunia langu lilikuwa safi.

Lakini kapita alikuwa na shemeji yake anayetafuta kazi. Ijumaa ya kabla ya hapo alisimama juu yangu, watu wote wanasikia.

"Mama, macho yako ilibakia Kongo?"

Nikamwambia, "Macho ilibakia, vidole vilikuja."

Watu wakacheka. Hakupenda. "Nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Jiwe moja tu mu gunia lako, hiyo fasi anaikaa shemeji yangu." Akanitoa ukutani, mahali nilipozoea, akaniketisha mlangoni, fasi ya wageni, ambako upepo unakuletea vumbi lote la barabara.

Bila fasi ile ningebaki nangojea mgao wa chakula wa kambi tu, na mgao unajulikana unavyopungua. Nilikuwa na wajukuu watatu nyumbani. Basi nikawa na juma moja.

Ndivyo tulivyokutana mlangoni, mimi niliyeadhibiwa na yeye mgeni. Mtauliza kapita alikosaje kumtambua. Stoo ilikuwa ya marehemu bwana wake. Alipofariki, mama huyu akairithi, akawa anaiongoza kwa simu kutoka Mbarara, mpaka alipotaka kuiona kwa macho yake. Kapita alijua sauti tu, na kwenye simu walisema Kinyankore. Halafu vumbi lilimsaidia. Sisi wote tunafunga kitambaa puani tangu asubuhi, yamebaki macho tu, hata mume wako anaweza kukupita.

Nilimshika mikono nimwonyeshe namna ya kupepeta. Jamani! Laini kama unga uliokandwa. Na kwenye kidole kuna alama ya pete iliyovuliwa juzi.

Mbele yangu aliketi rafiki yangu Mrundi, Mkatoliki wa kweli, hakosi misa. Saa ya kunywa maji nikamnong'oneza habari ya mikono. Akamtazama mgeni, kisha akanishika paja.

"Yule ni sista."

"Sista wa wapi?"

"Ametoroka utawa. Mikono laini, pete ameivua. Masista wanavaa pete, hujui? Wameolewa na Yesu. Na asubuhi nilimwona anajikuna paji la uso, kumbe ni ishara ya msalaba ameikatisha njiani."

"Ninyi masista wenu wanatoroka na mikono mitupu," nikasema. "Kwetu Waprotestanti mchungaji akitoroka, anatoroka na sadaka."

Alinipiga na kitambaa. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Kufikia Jumanne jioni stoo nzima ilijua kwamba mlangoni ameketi sista mtoro.

Hakuna aliyemuuliza. Watu wa kambi tuna adabu hiyo moja: mtu mpya haulizwi ametoka wapi wala anakimbia nini. Unampa fasi, unampa maji, unangoja aseme mwenyewe siku akitaka. Yeye alikuwa amejitayarishia hadithi ndefu ya kusema ametokea Kikagate, mume amemfukuza, biashara ya mpakani imekufa. Baadaye aliniambia aliikariri njia nzima, na hakuna aliyempa nafasi ya kuisema.

Badala yake tukamletea vitu. Mmoja alileta kipande cha sabuni, mwingine sombe, kisamvu kilichofungwa kwenye jani. Rafiki yangu Mrundi akamletea rozari yake ya pili, ile ya plastiki ya bluu, akamwinamia sikioni nami nikisikia.

"Mama mupenzi, Mungu hana kinyongo. Hata ukirudi leo, watakufungulia mlango."

"Mlango gani, nyabo?" akauliza, maana kila mama alimwita hivyo.

"Unaujua."

Maskini, akaipokea kwa mikono miwili. Macho yake juu ya kile kitambaa yalikuwa ya mtu anayetaka kucheka na kulia na hajui kipi kitangulie.

Kazi yenyewe ilimshinda. Aliacha mawe, akatupa maharage mazima. Mgongo ulimuuma, kila saa ananyanyuka ananyosha kiuno. Nilijua kapita akipitia ungo wake atamfukuza siku hiyohiyo. Basi kila alipomaliza nilikuwa nauvuta ungo wake mapajani kwangu, naupitia kwa vidole, namrudishia. Mimi mwenye juma moja, nikawa nachambua nyungo mbili. Sikuwa na roho nzuri, msinisifu. Nilikuwa tu nimechoka kuona watu wanafukuzwa.

Jumatano tukaimba. Sisi tukichambua tunaimba wimbo wa bosi, kila mtu anatia ubeti wake, wengine wanaitikia "Aee, bosi!" Bosi tulikuwa hatujawahi kumwona, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumtukana. Nilianza mimi:

"Bosi wa Mbarara anakunywa maziwa!"

"Aee, bosi!"

"Sisi tunakunywa vumbi la mlangoni!"

"Aee, bosi!"

Ikafika zamu ya mgeni. Tulidhani ataimba Ave Maria. Akakohoa, akainua sauti:

"Bosi ya Mbarara analala anakoroma!"

"Aee, bosi!"

"Paka yake inahama nyumba!"

Tulicheka mpaka mtu mmoja akamwaga ungo. Rafiki yangu Mrundi akajifuta machozi, akasema, "Hata utawani wanajua kutukana." Mgeni mwenyewe alicheka kuliko sisi wote. Halafu akaniuliza, polepole, "Maama, kwa nini munasema munakunywa vumbi? Hapa hawapiki uji saa nne?"

"Uji? Uji wa nani?"

"Nasikia bosi anatuma unga ya ulezi. Kila mwezi."

"Ukisikia tena, uniambie na mimi nikaonje."

Akainamia ungo wake mpaka jioni, hata wimbo hakuuitikia tena. Mimi nikadhani nimemuudhi.

Kesho yake, Alhamisi, nikaona nimpoze roho. Saa sita nikampeleka sokoni, nyuma tu ya stoo, kwa mke wa kapita. Mke wa kapita aliuza bushera, kinywaji cha unga, tamu kuliko yote pale Base Camp, nzito, ya ulezi mwekundu, na sisi wachambuzi ndio tuliokuwa wateja wake. Mgeni akapokea kikombe, akashusha kitambaa, akanywa. Akakitazama kikombe. Akanywa tena. Kisha nikamwona ameinama, anagusagusa gunia ambalo mke wa kapita alikuwa amelikalia.

"Uzi mwekundu," akasema.

"Nini?"

"Hapana, maama. Ni tamu. Ongeza mbili, nalipa."

Sikuelewa. Sasa naelewa: unga ule husagwa kwao bosi, Mbarara, na mama yake mzazi hushona magunia kwa uzi mwekundu ili yasichanganywe na mengine. Tulikuwa tunanunua uji wetu wenyewe kwa mke wa mwizi, tena tunamshukuru.

Jumamosi ikafika. Gunia langu lilijaa kabla ya saa tano. Nililijua ndani na nje, hakukuwa na jiwe. Nikatoka kidogo kunawa, nikarudi, nikakuta mgeni amesimama karibu nalo na ungo mtupu, macho yanacheka.

Kapita akaja na kalamu sikioni na shemeji nyuma yake, amevaa kabisa kitambaa cha kazi. Akatandika turubai, akamwaga gunia langu. Akapekua. Kwanza hakupata kitu, nikaanza kupumua. Halafu nikasikia sauti niliyokuwa naiogopa juma zima, jiwe linagonga kucha. Moja. La pili. La tatu.

"Vidole vilikuja, eh?" akasema kapita. "Vilibakia njiani. Toka."

Nilijua mawe yale si yangu lakini ningesema nini? Hata Kivu sikuwa nimepewa nafasi ya kujieleza.

"Hayo mawe ni yangu," mgeni akasema.

Kumbe alitaka kunisaidia. Aliona nimeupitia ungo wake juma zima, akaona na yeye aniongezee, akamimina ungo wake wa mwisho juu ya gunia langu. Ungo ambao mimi sikuupitia.

Kapita hata hakumtazama. "Basi mutoke wote mbili."

Bosi akafukuzwa kwenye stoo yake mwenyewe, mbele ya macho yetu.

Yeye aliingiza mkono kifuani, akatoa simu kubwa, nyembamba kama kioo, akabonyeza. Rafiki yangu Mrundi akanishika mkono: "Anamwita Mama Mkuu wa masista!" Simu ya kapita ikalia mfukoni. Alipoona jina, akajinyoosha, akafunga vifungo vya koti vilivyobaki, akatunyamazisha kwa mkono na kutugeuzia mgongo, apate kusikia vizuri.

"Agandi nyabo! Agandi, agandi!" akamsalimu kwa Kinyankore.

"Niko hapa nyuma yako," bosi akasema kwa Kiswahili.

Alisikia sauti moja kwa sikio la simu na kwa sikio lingine. Aligeuka polepole sana. Bosi alikuwa ameshusha kitambaa. Kalamu ikamdondoka kapita, ikazama kwenye maharage, mpaka leo hatujaiona.

"Unga ya uji iko wapi?" akamuuliza.

"Nyabo... unga... iko njiani."

"Njia gani? Ya kwa muke wako?"

Shemeji alivua kitambaa chake cha kazi mwenyewe, bila kuambiwa, akaondoka. Kapita alimfuata baada ya kurudisha funguo. Sikumwonea huruma hata kidogo, na sijaanza leo.

Wenzangu walikuwa wamejificha nyuma ya nyungo zao kwa sababu ya ule wimbo. Bosi akawaambia, "Ile ya paka ni kweli." Hapo tukapata kupumua.

Jumatatu gari la bosi likanichukua mpaka Ruharo, hospitali ya Mbarara mjini, kupimwa macho. Bosi aliketi kando yangu kiti cha nyuma, amevaa pete yake, kucha zimevunjika vizuri. Nilimwambia ukweli wangu, sikuubakiza. "Mama, umefanya vema. Lakini wewe mgongo ulikuuma siku sita, ya saba ukalala Mbarara kwenye godoro. Na ingekuwa huna ile simu, mimi leo ningekuwa nje kwa mawe yako."

Tulikuwa tunaanza kuona majengo ya mjini. "Ni kweli," akasema. "Mimi mubaya kwa kuchambua."

"Sana," nikasema.

Wakanipa miwani. Mtu wa kwanza niliyemwona wazi alikuwa yeye. Nikasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Akanipa kioo kidogo cha mkobani nijitazame na mimi. Tulicheka mpaka nesi akatuonya.

Fasi yangu ninayo, ile ya ukutani. Siku ya kwanza nilichambua na miwani, nikaona kila harage lina sura yake, hili lina madoa, hili limepinda, nikawa mtu wa mwisho kujaza gunia. Kwa hiyo nikichambua naivua, nafumba macho, natumia vidole kama zamani. Miwani naivaa saa ya kuandika, kama sasa, na saa nne asubuhi, uji unapopakuliwa, nimwangalie kapita mpya vizuri mikononi.

Rafiki yangu Mrundi hajarudishiwa rozari yake, na hajaidai. Anasema bosi alikuwa sista kwanza, biashara ilikuja baadaye.