Sikio la Kushoto la Mrisho

Mimi Bwanausi sikuzaliwa jana. Shamba langu la minazi liko Zinga, na mtu akipita kando yake mara mbili kwa siku moja, hutaka kujua katoka wapi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata Izraili akija nitamuuliza katumwa na nani. Basi na acheke. Lakini habari ya Mrisho lazima niiseme mwenyewe, kabla hamjaambiwa na wengine.

Mrisho ni mtoto wa dada yangu, tena ni mume wa binti yangu Sada. Kazi yake ni ukwezi. Akishaangua nazi huziokota mojamoja, akazitikisa sikioni, akajua kwa mlio wa maji ipi imekomaa na ipi bado koroma. Hakosei.

Mwaka ule, kabla Wadachi hawajatua Bagamoyo, nikaanza kuona mambo. Nikimwita nikiwa kushoto kwake, hugeuka kulia, kama mtu anayetafuta pa kutorokea. Nazi alizozoea kuzisikiliza kwa sikio la kushoto akazihamishia la kulia. Nikajiuliza, mtu huacha mazoea yake ya kazi kwa nini, kama si kuficha jambo?

Kisha ikaja Ijumaa. Tulikuwa tumesimama safuni msikitini, imamu hajapiga takbira, Mrisho akayumba akamwangukia jirani yetu Mohamedi begani. Ijumaa ya pili alifika akishika ukuta. Ya tatu akatapika nje ya mlango. Watu walinitazama mimi. Mkwezi ashinde minazini, ayumbe, atapike: nani asiyejua tembo linalogemwa kule juu? Dalili ya mvua ni mawingu.

Nikaanza kumchunguza. Nilinusa kanzu yake ilipoanikwa. Nilipekua vibuyu vyote nyuma ya nyumba yake. Akinisalimu, "Shikamoo, mjomba," nilisogeza pua kwanza, ndipo nikaitikia marahaba. Harufu ilikuwa ya tambuu tu, na hiyo ikanizidishia shaka, maana tambuu huficha mengi. Nilipomuuliza alisema ni kizunguzungu, kinamjia na kumwacha, hajui kwa nini. Sikuamini hata neno moja.

Nikamwambia Sada, "Ijumaa ijayo naita mashahidi, Mrisho akupe talaka. Sikukulea nije nikuache kwa mlevi."

Alilia, kisha akakasirika, na akikasirika hufanana na mama yake. "Baba, mlevi gani huyo? Siku sita apande minazi asitikisike, ya saba alewe akiwa ndiyo kwanza ametoka kuoga?"

"Kuoga?"

"Josho la Ijumaa. Siku nyingine huoga mwili tu; Ijumaa, akijimwagia kata za kichwani, hushika ukuta. Nimemwona mimi."

Nikamwambia mapenzi humfumba mtu macho.

Ijumaa ikafika. Mashahidi hawajaja, Sada akanitangulia kwa kumleta Bi Mardhiya, mkunga wetu, ambaye hutibu pia masikio ya watoto. Bibi akamketisha Mrisho mkekani barazani kwangu, akatoa unyoya mwembamba wa kuku, akaushika mbele ya tundu la sikio la kushoto.

"Ziba pua, funga mdomo, kisha sukuma pumzi kama unayepenga."

Mrisho akasukuma. Unyoya ukapepea. Nilikuwa nimeinama nikitafuta hila, lakini vidole vya bibi havikutikisika. Akahamia upande wa kulia, na huko unyoya ukatulia tuli.

"Ndani ya sikio mna kiwambo, kama cha ngoma," akasema. "Sauti hukipiga, ndipo tukasikia. Hiki chake kimetoboka, ndiyo maana pumzi inapita."

"Na kulewa je?" nikauliza.

Akachota maji ya mtungini, akamtilia kidogo sikioni. Haukupita muda Mrisho akalala ubavu, macho yakimchezacheza, akaung'ang'ania mkeka kwa mikono miwili kana kwamba baraza litamwangusha. Alipotulia, bibi akajaribu maji aliyoyapasha moto, vuguvugu tu. Mrisho akabaki ameketi wima.

"Bwanausi, mbebaji mtungi akigeuka, yeye husimama, lakini maji ndani bado yanazunguka. Nadhani ndani kabisa ya sikio mna maji kama hayo, na ndiyo humwambia mtu kama yuko wima au ameinama. Baridi ikipenya tunduni ikayatibua, dunia humzunguka. Huyu asioge tena bila pamba ya mafuta ya nazi sikioni." Kisha akamgeukia Mrisho. "Na kiwambo hakitoboki chenyewe. Nani alikupiga?"

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa Rajabu, kabla ya dalili zote hizi, lundo moja la nazi lilipotea, nami nikamwita Mrisho mwizi mbele ya vibarua, nikamzaba kofi la mkono wa kulia. Damu kidogo ilimtoka sikioni. Jioni tukazikuta nazi bandani, nilikoamuru mwenyewe zipelekwe nikasahau. Sikumtaka radhi. Nilijiambia sikio halizidi kichwa, mjomba hamwangukii mpwa.

"Niliteleza mnazini, bibi," Mrisho akasema, akiutazama mkeka.

Miezi yote ile nilimwinda nimkamate na uongo. Sasa nilikuwa nimemkamata, mbele ya mkewe, na nilitamani ardhi inifunike.

"Ni mimi niliyempiga," nikasema.

Sada alinitazama, akainuka, akaingia ndani. Hakuniletea kahawa siku ile wala kesho yake. Mashahidi walipofika niliwarudisha makwao, na walipouliza sababu niliwaambia.

Kiwambo hakikuziba. Tangu hapo, kila Ijumaa kabla ya kuoga, Mrisho huja kwangu nimtie pamba. Huketi chini, akanigeuzia sikio la kushoto. Na kila nikiinua mkono wa kulia, hufumba macho.