Palizi Ndani ya Kigemu

Mtu aliyeharibu wimbo wa mama yangu alidhani ananisaidia. Angekuwa mwizi ningeshamsahau. Wezi wa miaka ile walikuwa wengi, na huwezi kubeba hasira ya kila mwizi mpaka uzeeni. Lakini huyu alikuwa na duka Mabatini, alikuwa na heshima zake, na alifanya alichofanya huku akitabasamu.

Mama alifariki miaka miwili baada ya baba. Ugonjwa wenyewe watu hawakuutaja. Walisema tu "ameumwa sana," kisha wakatazama chini. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano baba alipoanza kulala kitandani, na sikurudi tena. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita wakati wa mambo haya, na kitinda mimba, mtoto wa kiume wa miaka mitano. Tulipanga chumba Pasiansi. Shamba la mama lilibaki kule Bujora, na mimi nikapata kazi Mlango Mmoja, kuchambua nguo za mitumba katika kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akifungua belo mbili kwa wiki.

Arobaini ya mama ilipopita, ukoo ulikaa kikao. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amevuka na kivuko kutoka upande wa Sengerema. Alinitazama kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa kike. Kesho utaolewa. Mtoto wa kiume hakui mikononi mwa dada."

"Baba mkubwa, shikamoo yako nimekupa asubuhi," nikasema. "Mtoto sikupi."

Shangazi mmoja akaguna. Mwingine akasema mji umeniharibu. Wakazungumza mpaka chai ikapoa, na mwisho wake wakaamua: mtoto atabaki kwetu hadi baada ya mavuno, kisha atakwenda ng'ambo ya ziwa, kwa baba mkubwa. Nilishindwa na watu ambao hawakuwahi kumwogesha hata siku moja.

Basi nilikuwa na miezi michache. Na katika miezi hiyo niligundua kwamba mtoto anamsahau mama. Picha hatukuwa nayo hata moja. Alikumbuka khanga yake, alikumbuka uji, lakini uso haukumjia. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kizima kichwani mwake, nao ni wimbo wa palizi, kwa sababu mama alilima naye akiwa mgongoni tangu hajaweza kukaa.

Nilijaribu kumwimbia. Kila nikianza, nililia, naye akiniona nalia alikimbia nje. Mdogo wangu wa kike alipojaribu, ilikuwa hivyo hivyo.

Kile kigemu kilitoka ndani ya belo, kwenye mfuko wa koti la mtoto wa Ulaya. Kiboksi cha plastiki cha kijivu, unakishika kwa mikono miwili, kina kioo kidogo na vitufe vinne. Nyuma yake ilichomekwa kaseti ya gemu yenye jicho la kamera, na jicho lenyewe lilikuwa limepasuka. Mama wa kibanda alikigeuza, akakirudisha mkononi mwangu.

"Chukua. Hilo halivaliki."

Kilitumia betri ndogo. Zikiisha tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine. Maandishi yake sikuyajua, pengine ya Kijapani. Lakini ukibonyeza bila kuogopa unafika kwenye ukurasa wa muziki. Pale kuna visanduku kumi na sita kwenye mstari, na kijiti kinachopita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kinarudi mwanzo bila kupumzika. Kisanduku unachokijaza kinalia. Sauti zilikuwa tatu: filimbi kali, filimbi nzito yenye kukwaruza, na ya tatu ilikuwa kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Nilipoisikia ile ya tatu nilijua ni nini. Ilikuwa jembe likiingia kwenye udongo mkavu.

Ukurasa mmoja ulinishinda kwa wiki nzima. Wanawake wakipalilia kwa mstari, kazi ina hatua tatu. Jembe linaanguka, mkono unang'oa gugu na kulikung'uta, mguu unasogea. Moja, mbili, tatu, halafu jembe tena. Wimbo unafuata hapo hapo. Majembe manne na mstari wake umekwisha. Kumi na mbili. Mashine ilitaka kumi na sita. Kila kijiti kiliporudi mwanzo, jembe lilianguka kabla mguu haujasogea. Mtu akilima hivyo anajikata kidole.

Jumamosi moja mchana mdogo wangu alikuwa mlangoni na daftari lake la hesabu. Alinisikiliza nikitukana kile kiboksi, akanyoosha shingo.

"Dada, mama ana ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na hicho kina kumi na sita. Tafuta wanapokutana."

"Wanakutana wapi?"

"Arobaini na nane. Kigawe kidogo cha shirika. Kurasa tatu za mashine, mama anaimba mara nne, wote wanamaliza pamoja." Kisha akaongeza, "Ni hesabu ya darasa la tano hiyo," akaona uso wangu, akainamia daftari.

Nilikuwa nimeondoka shuleni kabla hatujaifikia. Nilimchukia mwalimu, nikaichukia shule, nikamchukia na yeye kwa dakika moja. Halafu nikajaza kurasa tatu.

Ilipolia, kitinda mimba aliingia kutoka nje, akaokota mwiko, akaanza kulima sakafu. Jembe, mkono, mguu. Hakukosea hata mara moja. "Rudisha," akasema ilipokoma. Tukairudisha mpaka betri zikafa. Mashine haikulia machozi; nadhani ndiyo maana alibaki.

Kigemu kisingeweza kwenda naye. Ng'ambo wangemnyang'anya siku hiyo hiyo. Lakini baba mkubwa alikuwa na redio kaseti, na kaseti ni kitu ambacho kila mtu anakiheshimu. Nikaamua mtoto aondoke na wimbo ndani ya kaseti.

Mabatini palikuwa na fundi aliyerekodi kaseti. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na yeye alikuwa ameleta deki mbili, spika zenye urefu wa mtoto, na kinanda cha umeme chenye midundo tayari ndani yake. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MUZIKI WA KISASA. Nilimpelekea kigemu asubuhi, siku moja kabla ya safari. Nikamwonyesha shimo la waya wa masikioni.

"Shikamoo, kaka. Unachomeka hapa, unabonyeza hapa. Kama kilivyo, hivyo hivyo."

"Marahaba, binti. Huu nao ni muziki?" Akasikiliza kidogo, akacheka na mteja mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi. "Kama panzi kaingia kwenye debe."

"Ndiyo, panzi huyo huyo," nikasema. "Usimwongezee mguu."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Hilo bado linaniuma, kwamba nilicheka nao.

Jioni niliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa miaka ya mgao. Fundi akanikabidhi kaseti, ameiandika vizuri kwa kalamu: MAMA.

"Nilimaliza kabla hawajakata. Imetoka nzuri, utanishukuru."

"Na kigemu?"

"Kifuate kesho kutwa, nimekifungia kabatini na mke wangu kaondoka na funguo."

Sikuwa na pa kuisikilizia. Redio yetu haikuwa na mlango wa kaseti. Ningeweza kubisha hodi kwa majirani wanaotumia betri. Nilikuwa nimechoka, nikasema amenipa neno lake, inatosha. Katika hadithi hii hilo ndilo kosa langu, na sitaki mtu anipunguzie.

Kesho yake asubuhi nilisimama Kamanga nikatazama kivuko kikiondoka. Baba mkubwa alikuwa amemshika mtoto mkono. Kaseti niliishonea ndani ya mfuko wa kaptula yake.

Siku iliyofuata nikaenda kuchukua kigemu. Fundi aliniona kwa mbali akainua mkono.

"Njoo usikie kazi, nimebaki na nakala."

Akabonyeza. Ikaanza ngoma ya kinanda, dum, dum, dum, dum, ile ya kwenye kumbi za disko, na juu yake filimbi ikipiga wimbo wa mama. Alikuwa ameupiga upya kwa vidole vyake. Jembe, mkono, mguu, halafu nafasi tupu. Jembe, mkono, mguu, nafasi tupu. Kila mahali pa tatu alikuwa ameweka nne.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nimeunyoosha. Ulikuwa umekosea mdundo, binti, ulikuwa unachechemea. Sasa hata mtu wa Dar anaucheza."

"Nilikwambia kama kilivyo."

"Mimi nimepiga kinanda kwaya miaka minane. Wewe umesoma muziki wapi?"

"Kwa mtu aliyelima akiimba," nikasema. "Wewe umewahi kulima?"

Akasema kwao kuna trekta. Yule mteja wa benchi akacheka. Mimi safari hii sikucheka. Nilimwambia hatoki mtu pale dukani mpaka arekodi upya, na nikakaa mlangoni, magoti yangu yakifunga njia. Wateja wawili waliniruka. Mwishowe akachomeka waya, akageuza uso ukutani, akarekodi kurasa zangu tatu kama zilivyo. Hakutoza kitu, na hakuomba radhi.

Kaseti hiyo ya pili nilimpa mtu wa boti ya dagaa aliyekuwa akivuka. Aliifikisha. Baadaye nilisikia kwamba binamu zetu walirekodi juu yake nyimbo za redioni. Ile ya kwanza, yenye dum dum, ndiyo iliyopendwa nyumbani kwa baba mkubwa. Walimchezesha mtoto kwenye sherehe.

Kigemu nilikaa nacho muda. Siku moja nilikiwasha nikakuta kurasa tupu. Kuna betri ndogo inayotunza kumbukumbu, iliyofungiwa ndani ya kaseti yake ya gemu, hiyo haianikwi juani.

Kitinda mimba alirudi kwangu alipomaliza darasa la saba. Alikuwa mrefu, ana sauti ya kuvunjika, ananiita dada kwa adabu kama mgeni. Nilikuwa sijaolewa, na nilihakikisha baba mkubwa amelisikia hilo. Wiki ya kwanza nikiwa napika nilimsikia akipiga mluzi uani. Wimbo wa mama. Na kila baada ya hatua tatu, ile nafasi tupu ya fundi. Nikazima jiko. Nilitaka kwenda Mabatini kwa miguu nikavunje kioo cha duka lililokuwa limeshafungwa miaka mitatu nyuma.

Jumamosi tukaenda Bujora, yeye, mimi na mdogo wetu wa kike. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nilimweka katikati yetu, nikampa jembe la mama, nikamwambia apige mluzi wake alime. Sisi wawili tukaimba. Hatukufika mbali. Alikuwa amebaki nyuma yetu hatua nane, jembe likiwa hewani.

"Dada, mnakimbia," akasema.

"Hatukimbii. Wewe unasimama. Unasubiri nini?"

Akaangalia jembe, akaangalia miguu yake. Hakujua. Alikuwa anasubiri kitu alichokiweka mtu asiyelima, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakipo.

"Anza," nikamwambia. "Jembe, mkono, mguu."

Alikosea mpaka jua likawa kali. Mdogo wetu alitaka tupumzike. Nilikataa.