Tundu la Ukuta wa Kati

Ukuta wa udongo ukilowa mvua ya kwanza hunukia mpaka mate yakujae mdomoni. Juzi nilimkuta binti yangu anaulamba, nikafoka hadi sauti ikakauka. Halafu nikakaa chini nikacheka peke yangu, maana mimi nilikula zaidi yake.

Nyumba zetu hapa Tabora mjini ni zile za enzi za misafara: udongo na miti, milango ya nakshi, baraza ndefu mbele, zote zimeshikana kama meno. Kati yetu na kwa Bi Zuhura palikuwa na ukuta mmoja tu. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, yeye na mama waligombana kwa ajili ya maji machafu ya uani. Miezi mitatu hakuna salamu, nami nikakatazwa kucheza na mjukuu wake, Salma. Wakubwa wakinuniana, watoto wanahusikaje? Upuuzi mtupu.

Mimi na Salma tukaamua kuutoboa ukuta. Yeye kwao na kijiko, mimi kwetu na msumari, nyuma ya kabati. Shida ilikuwa udongo unaodondoka, ungetuumbua. Basi tukaula. Siku ya tano nikaona mwanga, nikachungulia nikijua ni Salma. Nikakutana na jicho lililopakwa wanja.

"Shikamoo, bibi," nikasema, mdomo umejaa.

"Marahaba. Na nani kakuruhusu kula nyumba yangu?"

Mama alisikia. Nilichapwa, sitawaficha. Kisha mama akatangaza, kwa sauti ya kuvuka ukuta, kwamba kwa desturi tundu la ukuta wa kati halizibwi na mtu mmoja: huyu ashindilie, yule akinge kwa kiganja upande wake.

"Ndivyo ilivyo," Bi Zuhura akajibu.

Wakapiga magoti, kila mtu kwake.

"Umekinga?"

"Nimekinga. Shindilia, Mama Kashindye, mbona kama unapapasa kitoto kichanga?"

"Nisije nikakuvunja kidole!"

"Vunja tu! Miezi mitatu umeninunia, kidole ni nini?"

Mama alicheka mpaka udongo ukamtoka mkononi. Tundu la kupitisha yai liliwachukua alasiri nzima. Jioni Salma alikuwa kwetu, anatafuna michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa.

Mwaka juzi panya walitoboa ukuta uleule. Bi Zuhura alishafariki. Nikachukua jiwe na donge la udongo, mtoto mgongoni, nikashindilia. Chai haijachemka nimemaliza, na hakuna aliyekinga upande wa pili. Nikautazama ukuta, mikono imejaa tope. Nikamfuata mama nikamuuliza desturi ile aliitoa wapi.

"Desturi gani?" akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Nilikuwa nimechoka kununa."