Nusu ya Picha ya Bibi Foibe

Placida Mhina alikuwa mwoga wa mambo madogo. Aliogopa lifti, aliogopa barua zenye bahasha za kahawia, aliogopa mbwa wa jirani yake pale Tottenham, London, na mbwa mwenyewe mzee hana meno. Jambo kubwa lilipomfikia, mwaka 2007, alikuta woga ule wote wa nyuma ulikuwa mchezo tu.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyaraka cha shirika moja la zamani la wamisionari. Kwa miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka ngazi na masanduku ya kijivu, glavu mikononi, akiwapelekea wasomi na kuyarudisha mahali pake. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: kila karatasi na sanduku lake. Karatasi ikiwekwa kwenye sanduku lisilo lake haijaibwa wala haijachanwa, lakini imekufa. Anayeitafuta atazeeka akiitafuta.

Mwaka huo Waingereza walikuwa wanaadhimisha miaka mia mbili tangu walipopiga marufuku biashara ya watumwa, na shirika nalo likaandaa maonyesho. Bosi wake, Yogesh, Mhindi aliyezaliwa Tanga akakulia Stanmore, alimwita mezani.

"Mama Jennifer, wewe ndiyo unajua majina ya kwetu," alisema. "Hizi kadi za watoto, hebu check kama majina yako sawa. Friday tunafungua."

Kadi zote zilikuwa za mtindo mmoja. Zamani hizo wamisionari waliwapokea watoto waliookolewa mikononi mwa wauza watumwa, wakawapiga picha, kisha wakaziuza picha makanisani huku Uingereza ili misheni ipate fedha. Kila kadi ilikuwa na picha mbili. Kushoto mtoto amevaa tambara na mnyororo. Kulia mtoto yuleyule ana gauni jeupe na kitabu magotini. Watu waliziona, wakalia, wakatoa sadaka.

Kadi ya tisa ilimsimamisha damu. Picha ya kulia aliijua tangu hajaota meno: gauni lile, kitabu kile, macho yale makubwa. Alikuwa Bibi Foibe, mama mzaa bibi yake. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwao Muheza, na kila mtoto wa nyumba ile aliambiwa kwamba huyu ni binti wa jumbe, aliyepelekwa shule na baba yake wakati wenzake wanachunga mbuzi. Ya kwao ilikuwa na ukingo wa kushoto uliokatwa kwa mkasi, kwa mkono usiotulia. Walisema ni utundu wa mtoto fulani. Sasa kilichokatwa kilikuwa mbele yake: Foibe yuleyule, mnyororo shingoni.

Ingekuwa siri yake peke yake, angeimeza na chai yakaisha. Lakini Placida alikuwa amejipalia makaa. Binti yake Jennifer alikuwa ameposwa na Thadei, kijana wa Tooting, na harusi ilikuwa Agosti. Baba yake Thadei, Mzee Evodius, mtu wa Bukoba, anaweza kukutajia babu zake kumi na wawili bila kupumua, na siku ya posa aliuliza ukoo wa binti kwa sauti ya hakimu. Placida, kiherehere kikampanda, akamtoa Bibi Foibe. Akamsimulia jumbe, shule, mbuzi, vyote. Wala hakuishia hapo. Aliikuza picha, akaitia fremu, akawapa wakwe zawadi, na Restuta, mama yake Thadei, akaitundika sebuleni kwake. Na wiki iliyopita huyohuyo Placida alikuwa amewaalika wote wawili kwenye ufunguzi, waje waone anapofanya kazi. Nani alimtuma?

Aliona neno mtumwa likipita meza kwa meza ukumbini siku ya harusi, na Jennifer katikati, shela kichwani, haelewi kwa nini watu wananong'ona. Akatoka kwenye korido akampigia simu binti yake.

"Jennifer, hivi wakwe zako wakisikia jambo la zamani sana, la ukoo wetu..."

"Mum, what have you done?"

Placida akakata simu.

Yogesh alipokwenda kuchemsha chai, Placida aliichukua kadi ya tisa na kushuka nayo ngazi hadi chini kabisa, kwenye sanduku la stakabadhi za ukarabati wa paa. Tangu aajiriwe hakuna msomi aliyeuliza habari za paa. Akailaza kadi kifudifudi ili asitazamane na macho yale, na ndipo alipoona maandishi ya mpiga picha nyuma yake.

Picha zote mbili zimepigwa asubuhi moja, aliandika. Mtoto yuko misheni mwaka wa pili na anasoma vizuri. Mnyororo tumeuazima kwa mabaharia. Alipovishwa alipiga mayowe akidhani anauzwa tena, ikabidi ashikwe. Gauni alivishwa baadaye. Umri, miaka saba.

Placida akakaa kwenye ngazi. Nyumbani walisema bibi alikodoa macho kwa kushangaa kamera. Kumbe mtoto wa gauni jeupe naye alikuwa bado anamsubiri mnunuzi, kitabu magotini. Na mkasi haukushikwa na mtoto mtundu. Foibe alikaa na kadi ile mpaka akawa mtu mzima mwenye mkasi wake, akajikatia mnyororo mwenyewe. Alichokata bibi ni mnyororo. Anachozika Placida kwenye stakabadhi za paa ni mtoto.

Mficha uchi hazai. Aliitoa kadi, akaishika mkononi, akapiga simu Tooting. Alimweleza Restuta yote bila kupumzika, maana alijua akipumzika hatamaliza.

Alipofika mwisho akauliza.

"Mama Thadei, upo?"

"Nipo." Restuta alivuta pumzi. "Mzee atanuna. Atanuna mpaka Jumapili, halafu atakula. Huyo niachie mimi."

"Na ile picha nitakuja kuichukua. Nawaomba radhi."

"Uichukue uipeleke wapi? Mama Jennifer, mimi nimezaa watoto watano. Mtoto anayeogopa namjua. Mwaka mzima huu kila nikimfuta vumbi yule, namwambia tulia mwanangu, hapa umefika."

Placida aliigeuza kadi, akayatazama macho yale.

"Ijumaa ni saa ngapi?" aliuliza Restuta. "Nije nimwambie na huyo mwingine, wa mnyororo."