Kifo cha Kupangwa Kifuani mwa Mama Mkwe

Mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki mbili na kaka zake wako mbali, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mama yake hospitali iliniangukia mimi. Kwa miaka sita mimi na mama mkwe tulikuwa tumeelewana vizuri, kwa sababu hatukuwa tukisemeshana sana. Nikifika kwake Mgwashi, namwamkia shikamoo nikitazama mlango, naye huitikia marahaba akitazama sufuria.

Sigara hakuwahi kuitia mdomoni. Lakini tangu utotoni alikuwa amekaa mbele ya mafiga akichochea kuni, katika jiko lenye dirisha moja alilokuwa ameliziba kwa gunia ili paka wa jirani asipite. Kikohozi alikizoea kama mtu anavyozoea jogoo wake. Jumapili moja kanisani aliposhindwa kumaliza ubeti na kwaya ikamwacha nyuma, ndipo alipokubali twende Lushoto.

Daktari alikuwa dada mmoja mgeni wa milima yetu, mpole, anayependa kueleza. Alimpa mama mkwe mrija wa mashine, akamtaka apulize mpaka pumzi iishe. Mama mkwe akautazama mrija, akanitazama mimi. Kutunisha mashavu mbele ya mkwe wake wa kiume halikuwa jambo dogo. Nikageukia ukutani kumsitiri, nikakutana na bango kubwa la mama anayenyonyesha. Nikafumba macho. Nyuma yangu daktari alikuwa akisema puliza, puliza, usiache, kama anayesukuma gari.

Majibu yakatoka. Mapafu yalikuwa yamechakaa kwa moshi. Kiswahili mama mkwe anakijua sawasawa, lakini habari za mwili wake hutaka kuzisikia kwa Kishambaa, na Kishambaa changu ni cha Magoma, huko bondeni, ambacho watu wa juu milimani husema kimepauka kwa jua. Hata hivyo mimi ni mwalimu wa Bayolojia, nikaona nitaweza.

Daktari akaeleza kwamba seli za mwili zina mpango wa kufa uliomo ndani yao zenyewe. Moshi ukizidi, mpango huo huwashwa ovyo, seli nyingi zikafa kabla ya wakati. Nikatafsiri. Neno seli sikulipata, nikasema ni viumbe vidogo visivyoonekana vinavyoishi kifuani mwake, na kwamba kifo chao kimepangwa. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akakunja kanga yake vizuri, tukapanda gari kurudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nikaitwa Mgwashi. Nikawakuta mama mkwe na kaka yake anayeishi hapo hapo uani, mzee aliyekuwa mgambo zamani na ambaye bado hukaa kama anasubiri kukaguliwa. Alikuwa na daftari mapajani. Nikawaamkia, nikapewa kigoda.

Mzee akasoma alichoandika. Kwamba dada yake ameambiwa na daktari kuwa kifuani mwake kuna mauaji. Kwamba mauaji hayo yamepangwa. Kwamba aliyetoa habari hizo ni mkwe. Akafunika kalamu.

"Sasa mwanangu," akasema, "tunataka kujua jambo moja tu. Nani amepanga?"

Nilitaka kucheka, ila mama mkwe alikuwa ameinama, anafuta macho kwa pindo la kanga, nami nikaona aibu. Siku nne mwanamke huyo alikuwa amekaa na msiba ndani ya kifua chake, bila kumjua hata marehemu.

Nikaeleza kwamba hakuna mtu aliyepanga. Seli ikichoka au ikiharibika, hujivunja yenyewe taratibu, hujifunga vifurushi vidogo vidogo, na seli jirani huvimeza bila fujo.

Mzee akafungua kalamu. "Majirani wanakula maiti," akasema huku anaandika.

Nikaona napotea. Nikamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, anyanyue mkono na atanue vidole. Nikamwambia kwamba alipokuwa tumboni mwa mama yake, mkono ule ulianza kama kafi, vidole vimeungana kwa ngozi. Zile seli za katikati zikafa kwa mpango, vidole vikaachana.

"Bila vifo hivyo, Mama, ungezaliwa na mkono kama mguu wa bata."

Akautazama mkono, mbele na nyuma. Mzee naye akautazama wa kwake, kisha akauficha chini ya daftari.

"Kumbe wengine wanakufa vizuri," mama mkwe akasema.

Nikasema ndiyo, tatizo ni moshi. Mapafu ni kama nyumba yenye vyumba vidogo vingi sana vya hewa. Moshi unaziharakisha seli za kuta, kuta zinaanguka, vyumba vinaungana, na hewa inabaki imekaa bila kazi. Mzee akaandika kwamba mshtakiwa ni moshi, akaagiza mafiga yahamishiwe nje siku hiyohiyo.

Hapo mama mkwe akapata nguvu. Alisema mvua ya Mgwashi haiulizi ratiba ya mapishi, na hatapika maharage amevaa mwavuli. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana jiko la udongo lenye bomba la bati, na gunia likatoka dirishani. Mzee alilifunga bomba kwa mikono yake, akalielekeza bila kujua kwenye dirisha la chumba chake mwenyewe. Wiki nzima alidhani amepata mafua.

Miezi michache baadaye tulirudi kwa daktari. Akasema kuta zilizoanguka hazitajengwa upya, lakini kikohozi kimepungua, na dawa ya kuvuta aendelee nayo. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia, akanitazama usoni.

"Muulize, wale wa kifuani waliobaki ni wengi?"

Daktari naye akanitazama, anasubiri tafsiri. Sikumwuliza. Nikamwambia mama mkwe kwa Kishambaa changu kilichopauka kwamba ni wengi, wanatosha kuimba ubeti mzima. Akatabasamu, akainuka kwenda kutafuta viazi sokoni kabla gari halijaondoka.