Chapa ya Luhaga

Mtu aliyezoea ng'ombe, hata umpe kompyuta ataitafutia pembe. Ndivyo alivyokuwa Luhaga, bosi mpya wa Esteria, na kila alipoingia dukani Esteria alisogeza kiti mbali naye.

Soko huria lilipoingia, Luhaga alitajirikia kwenye pamba, akanunua ng'ombe, kisha akanunua duka la kuchapa barua pale Bariadi mjini, kompyuta ikiwa ndani na Esteria mchapaji kama nyongeza. Jumapili moja alijifungia humo na ugoro wake. Mali ikishanunuliwa hupigwa chapa. Basi alipita faili moja baada ya jingine akifuta zile herufi za mwisho wa jina, zinazoiambia mashine hii ni barua na hii ni picha, na mahali pake akaandika LUHAGA. Mashine ilimwonya kwa Kiingereza kila mara, na kila mara alibonyeza ndiyo.

Jumatatu hakuna faili lililofunguka. Esteria hakuzililia barua za watu. Humo mlikuwa na picha ya marehemu mama yake, Felisita. Ile ya karatasi ilishaliwa na mchwa kule kijijini kwao, Ipililo. Iliyobaki ilikuwa hii, na jina lake lilikuwa namba tupu, katikati ya mamia ya faili yaliyofanana.

"Wangaluka, mayu," Luhaga alimwamkia kwa Kisukuma, akatema mate ya ugoro karibu na meza. "Sasa mwizi akiiba, nitazijua zangu."

"Na mama yangu ni wako, baba?"

"Si yumo kwenye zizi langu?"

Esteria alimchukia papo hapo, mpaka harufu yake. Alitoa diski aliyopewa chuoni Mwanza, yenye programu isiyo na vitufe wala mapambo: unafungua dirisha jeusi, unaiandikia amri, nayo inachungulia tumbo la kila faili, inatambua ni kitu gani, na kulirudishia mwisho wake wa haki. Aliandika, akakosea, akaandika tena, pua ameikunja kwa sababu ya mate yale miguuni pake. Mistari ikaanza kupanda.

Alifungua picha baada ya picha, hatimaye mama akafunguka na kitenge chake, jicho la kushoto dogo kidogo. Esteria alichapa nakala, akaifunga ndani ya kanga, kisha akaifuta ile ya kwenye mashine. Luhaga, aliyesimama nyuma yake, aliiona ikitoweka.

"Yule mama kaenda wapi?"

"Amerudi kwao," alisema Esteria, akachukua mkoba, akayaruka mate, akatoka.