Bodi ya Subira na Sauti Niliyoiba

Juzi nimerudi likizo kutoka bweni, sanduku la bati kichwani na njaa ya siku mbili za gari moshi tumboni, na kitu cha kwanza kilichonipokea Kariakoo hakikuwa bibi wala vitumbua vyake. Ilikuwa harufu ya chumvi. Nikasimama. Kwenye kona ya mtaa wetu, pale palipokuwa kiwanja kitupu, muuza mkaa amejipatia kibanda, na kibanda chenyewe ni bodi ya lori iliyokalishwa juu ya mawe. Mbao zimepauka, lakini ubavuni bado yanasomeka maandishi mekundu: SUBIRA.

Najua utacheka, rafiki yangu. Mtu wa miaka kumi na sita, ndevu zake anazihesabu na zinaisha kabla ya kidole cha tatu, anakaa kitako kukumbuka zamani. Cheka tu. Lakini nilipoiona ile bodi mate yalinikauka mdomoni kama siku ile, nilipokuwa na miaka tisa na nusura nimkate mtu mkono kwa wimbo.

Subira lilikuwa lori la mjomba wangu, na subira ndicho kitu pekee ambacho mjomba hakuwa nacho. Alibeba chumvi na ng'onda, samaki wa kukaushwa, kutoka pwani ya kusini hadi sokoni. Kila alfajiri tuliamka kwa sauti tatu: vikombe vya muuza kahawa vikigongana barazani, mafuta ya bibi yakilia kwenye chungu cha vitumbua, na Subira likikohoa kama mzee mvuta kiko. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuifagia bodi. Nilifagia kidogo, nililamba sana. Mwalimu alishangaa kwa nini kila siku nilikuwa wa kwanza kuomba ruhusa ya kwenda mtungini.

Bodi ya lori siku zile haikuja na meli. Meli ilileta kichwa na chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari. Bodi ilipigwa na seremala wa Ilala, mbao za mvule, kisha ikakalishwa juu ya chesisi kwa vishikizo vinane. Kila kishikizo kilikuwa kipande cha chuma na boliti nene, na katikati kipande cha mpira ili mbao na chuma visilane. Sasa, maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka hapo kwa miaka mingi. Ikafika mahali lori likikata kona, kichwa kinaingia Msimbazi na bodi inataka kuendelea kwenda Ilala. Abiria waliokaa juu ya magunia walipiga shahada, na yule mama wa Kichaga mwenye duka la vitunguu alifanya ishara ya msalaba. Hakuna dini iliyosahauliwa kwenye lori lile.

Fundi alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mashoto. Bibi hakukubali kupokea kitu kutoka mkono ule wa kushoto, lakini cherehani yake ilipogoma, ni mkono huohuo aliokwenda kuubembeleza. Fundi aliweza kuupitisha mahali pasipoonekana na kuijua nati iliyolegea kwa kuigusa tu, macho yake yakiangalia wapita njia. Mke, watoto watano na mama yake kipofu, wote walikuwa wakila kutoka kwenye vidole vile vitano. Siku alipoingia chini ya Subira akagonga kishikizo kimoja kwa nyundo, kutu ilimwagika kama maganda ya karanga.

"Bwana," alimwambia mjomba, "hiki si chuma tena. Hii ni tumbaku ya kunusa."

Mjomba akataka kazi iishe siku hiyohiyo, maana masika yalikuwa yanakaribia na njia ya kusini ingefungwa. Fundi akafua vyuma vipya. Mshona makatambuga wa barazani kwa jirani akakata vipande vinane vya mpira kutoka tairi kuukuu, na mabaki akamshonea mjomba kiatu. Kwa hiyo mjomba na lori lake wakawa wanavaa tairi moja.

Hapa lazima nikujulishe mtu wa mwisho: mwimbishaji wa mahamali wa soko. Jitu lenye shingo kama kinu, ila Mungu alimpa sauti nyembamba ya filimbi, kama alikosea akampa ya mtoto. Lakini sauti hiyo ndiyo iliyohamisha mizigo yote ya Kariakoo. Hamali wa kweli hasikilizi mwenye mali, hasikilizi karani, hasikilizi macho yake mwenyewe. Akishaingiza bega chini ya mzigo anasikiliza sauti moja tu. Ikiita "Harambee!" wanajibu "Mbee!" na mzigo unapanda. Ikisema "Tua," mzigo unashuka, wote kwa pamoja, na asiyetua na wenzake huvunjika mgongo. Kati ya maneno hayo mawili wimbo haukatiki.

Na mimi sauti ile niliweza kuiiga. Niliiiga vizuri mno, ole wangu. Mwezi mmoja kabla, nilijificha nyuma ya mapipa ya samli nikasema "Tua," na mahamali sita wakalishusha sanduku la vyombo vya harusi katikati ya dimbwi. Bibi alinivuta sikio hadi nikaona nyota mchana, akaniapisha kwamba sitaiga tena sauti ya mtu mzima. Mwimbishaji mwenyewe hakunipiga. Aliinama akanitazama, tambuu likiwa shavuni, akasema taratibu, "Mdomo huu, mwanangu, siku moja utaua mtu."

Siku ya kazi, vishikizo saba vilikwenda vizuri. Jeki iliinyanyua bodi kidogo, fundi akakata boliti mbovu, akaweka chuma na mpira, akakaza, akahamia kingine. Kufika cha nane, kule nyuma pembeni, jeki ikazama kwenye mchanga na skrubu yake ikapinda. Mjomba akaitukana jeki na ukoo wake. Kisha akanituma sokoni kuwaita mahamali.

Wakaja sita, na mwimbishaji wao. Wakapitisha boriti mbili za mkoko chini ya mkia wa bodi, watu watatu huku, watatu kule, mabega chini. Mwimbishaji akaita, wakajibu, bodi ikapanda. Fundi akatia kigogo cha mti kuizuia, akalala chali na kuingiza mkono wa kushoto kati ya chesisi na bodi, hadi kwenye kifundo cha mkono. Tukawa tunaona miguu yake tu.

Mimi nilikuwa juu ya kichwa cha lori, mahali nilipokatazwa, natazama kila kitu kama liwali. Na kutoka juu niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mjomba alikuwa ameinama kuchungulia, na kaptula yake ilikuwa imepasuka. Rafiki yangu, nilijizuia. Naapa nilijizuia pumzi mbili nzima. Kisha mwimbishaji akavuta hewa kati ya ubeti na ubeti, na mdomo wangu ukaingia pale katikati kwa ile sauti nyembamba:

"Kaptula ya mwenye lori!"

"Mbee!" wakajibu, maskini, kwa mazoea.

"Ina dirisha kwa nyuma!"

Hamali wa kwanza akacheka. Kicheko hakina mwenyewe. Kikahama bega hadi bega. Boriti moja ikayumba, bodi ikaenda upande, kigogo kikaponyoka, na Subira likashuka. Lilishuka kama unene wa kidole tu.

"Mkono wangu," fundi akasema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Mjomba ndiye aliyepiga. "Nyanyueni! Nyanyueni, nyie mbwa!" Hamali wawili wakasukuma juu, wanne hawakusukuma, bodi ikasota kuelekea ukutani, na hapo chini fundi akatoa mlio ambao mpaka leo nausikia kwenye breki za gari moshi. "Acheni!" akasema. "Mkivutana hivyo mnaukata. Yuko wapi mwimbishaji?"

Mwimbishaji alikuwa amepiga magoti. Alicheka na wenzake, na tambuu likampalia. Alikohoa mate mekundu, macho yamemtoka, kifua kinakwenda, na sauti haiji. Mabega ya mahamali yalianza kutetemeka. Walikuwa bado wameushika mzigo, lakini walikuwa wameushika kila mtu peke yake, na mzigo wa namna hiyo hauna muda mrefu. Jasho liliwadondoka kwenye mchanga. Kwa mbali nikasikia mafuta ya bibi yanalia uani.

"Kuna mtu ameimba hapo juu," fundi akasema kutoka chini. "Aimbe."

Nilitaka kusema nimeapishwa. Nilitaka kusema nina miaka tisa. Nilifungua mdomo na mdomo ule, ambao haujawahi kuwa na likizo tangu nizaliwe, haukuwa na hata tone la mate. Mjomba aliniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mjomba naye huogopa.

"Ha," nikasema. Kisha: "Harambee!"

Wote sita walifumba macho. Nadhani walifumba ili wasione ni nani. "Mbee!" wakajibu, na boriti zikatulia.

"Harambee!"

"Mbee!" Bodi ikapanda, sawasawa, pande zote, hadi mwanga wa jua ukapita kati ya mbao na chuma. Nikasubiri mkono utoke. Haukutoka.

"Umetoka?" mjomba akauliza.

"Bado. Niko kwenye nati," fundi akajibu.

Nati! Mtu amebanwa, amefunguliwa, naye anaendelea na kazi! Ikabidi niendelee. Nikaimba beti zote za mwimbishaji nilizowahi kuziiba. Zikaisha. Nikaimba vitumbua vya bibi, unga na tui na iliki, wakajibu mbee. Vikaisha. Nikaingia kwenye jedwali la kuzidisha. "Saba mara nane!" "Mbee!" Wale watu hawakujali jibu, na namshukuru Mungu, maana nilikuwa silijui. Nilifika tisa mara tisa, goti la hamali wa mbele likaanza kucheza kama la mbuzi mchanga.

"Tayari," fundi akasema. "Shusha."

Sasa lilibaki neno moja. Herufi tatu. Lilelile nililolitupa nyuma ya mapipa ya samli kwa ajili ya kucheka. Kutoka juu niliona miguu ya fundi tu, sikuona mkono. Mwimbishaji alikuwa amesimama, anafuta macho, sauti imeanza kumrudia. Nikamwashiria kwa mikono yote miwili kwamba aichukue kazi yake. Akatikisa kichwa.

"Wimbo ulioko mdomoni mwako," akasema kwa kukoroma, "utue wewe."

"Fundi," nikaita kwa sauti yangu mwenyewe, "mkono uko wapi?"

"Tisa mara tisa!" mjomba akanong'ona kwa hasira. "Imba, usisimame!"

Nikaimba. Tisa mara tisa, tisa mara tisa, kama sahani ya santuri iliyokwaruzika, hadi fundi akajivuta, na ule mkono wa kushoto ukatoka ukalala juu ya mchanga, mweusi kwa grisi na mwekundu kwa damu. Nikahesabu vidole. Vitano.

"Tua," nikasema.

Ikatua. Mpira wa nane ukaguna kidogo chini ya uzito, na Subira likanyamaza.

Kidole cha shahada hakikunyooka tena tangu siku hiyo. Fundi aliwaambia watu kwamba boliti ilimbana, na kweli boliti ilikuwepo, sikumkosoa. Alinitazama mara moja tu, akifungwa kitambaa, akasema jedwali langu la saba linahitaji marekebisho. Mjomba alinichapa, kwanza kwa ajili ya mkono, kisha kwa ajili ya kaptula, na kipigo cha pili kilikuwa kirefu zaidi. Bibi hakunichapa. Alisema, "Wanasema mdomo huponza kichwa. Wako mvivu, unaponza kidole cha jirani." Kisha akanipa sahani ya vitumbua nimpelekee fundi, na akaniambia nivikabidhi kwenye mkono wa kushoto.

Vile vishikizo vipya vilishika. Bodi haikucheza tena hata kona moja. Ni injini iliyokufa, miaka mitatu baadaye, huko kusini kwenye tope, na lori likavutwa hadi mjini likauzwa vipande vipande. Mjomba siku hizi anauza nazi na bado hana subira. Mwimbishaji alirudi kwao, hakuna aliyeniambia lini. Fundi yupo, ana mnyororo wa kunyanyulia magari uliofungwa kwenye boriti, mtu mmoja anavuta na lori linapanda, krr krr krr, halihitaji wimbo. Sokoni nimeona mikokoteni mingi kuliko mabega. Wanaosukuma wanasukuma kimya, au wanatukana.

Na sauti yangu imevunjika. Ilianza mwaka jana. Nikiitwa darasani najibu kama chura aliyekanyagwa. Ile filimbi nyembamba niliyoiba, aliyekuwa nayo ameondoka nayo na mimi niliyeiiga sinayo, kwa hiyo sauti ile haipo tena katika Kariakoo nzima.

Jana jioni nikarudi pale kwenye kibanda. Vishikizo vyote vinane bado vimening'inia chini ya bodi, kati ya mbao na mawe. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono wa kushoto kwenye pembe ya nyuma, nikaugusa mpira wa nane. Umekuwa mgumu kama kisigino. Nikasafisha koo. "Harambee," nikaimba. Mbuzi akakimbia. Muuza mkaa akachungulia akauliza, "Kijana, unaumwa?" Hakuna aliyejibu mbee.

Nilibaki na lile neno la mwisho mdomoni. Bodi ile haiendi popote, imekalia mawe na magunia ya mkaa, isingeshuka hata ningelisema mara mia. Lakini nilitoa mkono kwanza, nikahesabu vidole, ndipo nikalisema.